Wembe wa Pande Mbili kwa Anayeanza: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ingia Kariakoo uulizie kishikio cha wembe, kile cha chuma kinachobana wembe wa kawaida wa pande mbili. Kabla hujaonyeshwa utakuwa umeshapewa ushauri wa kila namna: kitakuchinja, ni kifaa cha wazee, chukua kizito ndiyo bora, ndevu zako ngumu tafuta kikali. Anayeanza hununua kwa kufuata maneno hayo, anaumia shingo wiki ya kwanza, anarudi kwenye wembe wa plastiki. Ushauri wangu kwake ni mmoja: achague kishikio kipole na abaki nacho, majaribio yote ayafanye kwenye nyembe.

"Kitakukata"

Hofu hii inatokana na kuchanganya vifaa viwili. Kinyozi ana kishikio cha kukunja anachokitia nusu ya wembe, na ule wembe uko wazi kabisa; huo unahitaji mkono uliofundishwa. Kishikio cha pande mbili kina kofia juu, sahani chini, na wembe umebanwa katikati ukapinda kidogo, makali yakachungulia tu. Ukingo wa sahani hugusa ngozi pamoja na makali, na hapo ndipo usalama wake ulipo. Mmarekani King Camp Gillette alipewa hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1904. Mwaka uliotangulia kampuni yake ilikuwa imeuza vishikio 51 tu. Mwaka huo wa 1904 ikauza zaidi ya 90,000. Walionunua walikuwa watu wa kawaida waliotaka kujinyoa wenyewe nyumbani.

Kinachokata ngozi mara nyingi ni mkono unaobonyeza. Wembe wa plastiki wenye kichwa kinachochezacheza huzoesha mtu kukandamiza, kwa sababu kichwa kinafuata uso chenyewe. Hiki cha chuma hakichezi, kwa hiyo pembe kati ya makali na ngozi unaitafuta wewe. Weka kofia shavuni, kishikio kikiwa kimetoka nje moja kwa moja, kisha kishushe polepole mpaka uhisi makali yameanza kugusa nywele. Hapo utakuwa karibu na nyuzi 30. Uache uzito wa chuma ufanye kazi, vuta kidogo kidogo, suuza, endelea. Ukichanjika kidogo, lowesha jiwe la shabu ulisugue pale. Damu ya mchubuko mdogo huacha kutoka.

"Ndevu ngumu zinataka kishikio kikali"

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote. Ukali wa kishikio ni jinsi makali yalivyojitokeza na ukubwa wa nafasi kati ya wembe na ukingo. Nafasi kubwa haimsamehe mtu akikosea pembe, na anayeanza hukosea pembe kila siku. Ndevu ngumu hulainishwa kwa maji na povu, na hukatwa na wembe mzuri. Kishikio kipole kinazimudu.

Vishikio vinavyotajwa sana kwa wanaoanza ni Merkur 34C ya Ujerumani, Edwin Jagger DE89 ya Uingereza na Mühle R89, ambayo nayo ni ya Ujerumani. Uangalifu unahitajika hapa: Mühle wanatengeneza pia R41, ukiishika unaweza kudhani ni ndugu yake R89, lakini ni miongoni mwa vishikio vikali kabisa. Anayekuagizia kutoka nje mwandikie namba, usimwambie "Mühle" tu.

Si lazima ununue jina kubwa. Kama unanunua dukani, omba wembe ukifunge pale pale, kisha kitazame kwa mbele. Makali yajitokeze sawasawa pande zote mbili na nafasi iwe na upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja ukichungulia zaidi, kirudishe, hata kama kinang'aa. Fungua na kufunga mara kadhaa usikie kama uzi wa skrubu unashika vizuri. Mimi nachagua cha vipande vitatu vinavyofunguka kabisa kuliko kile chenye milango miwili inayofunuka juu ukizungusha kitako. Cha milango ni kizuri kubadilishia wembe, ila sabuni na chumvi za maji yetu hujificha kwenye viungo vyake.

Kuhusu uzito, usikupumbaze. Kizito chenye kichwa kibaya ni kibaya vilevile.

"Wembe ni wembe tu"

Hapana. Nyembe hutofautiana kwa chuma, kwa namna zilivyonolewa na kwa utando uliopakwa kwenye makali, kama platinamu au kromiamu. Feather za Japani zinajulikana kwa ukali wake. Derby za Uturuki huonwa na wengi kuwa laini zaidi. Na wengi hudhani wembe mlaini ndio salama kwa mgeni, jambo ambalo si kweli kila mara. Wembe usiotosha ukali huvuta unywele badala ya kuukata, nawe unaanza kubonyeza, unarudia pale pale mara nne, na ngozi inawaka.

Habari njema ni kwamba nyembe za pande mbili zina kipimo kimoja, hivyo yoyote huingia kwenye kishikio chochote cha kisasa cha aina hii. Huna kampuni ya kukufunga. Nunua pakiti ndogo za aina tatu au nne tofauti, ukianzia na zile za duka la mtaani kwako, kisha utumie kila aina kwa kunyoa mara kadhaa bila kubadilisha sabuni wala kishikio. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hutajua kilichokuumiza. Boksi la nyembe 100 lisubiri mpaka uso wako useme. Sifa za rafiki hazitoshi, maana ndevu zake si zako.

"Unatumika mpaka uvunjike"

Kwa watu wengi wembe mmoja hutosha kunyoa mara tatu hadi tano. Ukianza kuvuta, umekwisha, hata kama ni mara ya pili. Na ule uliofumulia mshono wa suruali au uliokatia kucha usirudi usoni kabisa.

Joto na unyevu wa Dar ni adui wa chuma. Nyembe za chuma kisicho na kinga hushika kutu haraka; soma pakiti, chagua zilizoandikwa kuwa hazishiki kutu. Ukimaliza, legeza kishikio, suuza, kung'uta maji, kiache mahali penye hewa. Usifute makali kwa taulo, utayaharibu, na pengine utajikata vidole. Wembe hushikwa kwenye ncha zake fupi.

"Wembe huu unaleta vipele", na ndugu yake, "wembe huu unaponya vipele"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sana sisi wenye nywele za kujikunja. Unywele uliokatwa huota na ncha kali. Ukiwa wa kujikunja, unaweza kupinda na kuchoma ngozi pembeni ya tundu lake, au ukakua chini ya ngozi bila kutoka. Mwili unauona kama mwiba. Panavimba, panauma, panabaki weusi. Kwa hiyo kadiri unavyonyoa karibu zaidi na ngozi, ndivyo unavyoufungulia mlango.

Nyembe za plastiki zenye makali matatu hadi matano hufanya kazi kwa kurudia: makali ya mbele huukata unywele na kuuvuta, yanayofuata huukata tena kabla haujarudi ndani. Uso unakuwa laini sana, na ulaini huo ndio tatizo kwa baadhi yetu. Wembe mmoja huacha unywele karibu na usawa wa ngozi, na kwa watu wengi hilo hupunguza vipele. Hupunguza, hauahidi kuviondoa.

Pitisha kidole shingoni uone nywele zimelalia wapi. Za shavuni huelekea chini, lakini za shingo mara nyingi huenda pembeni au juu. Nyoa kufuata zinakolalia, mara moja tu. Usiivute ngozi kuikaza, usipande kinyume ukitafuta ulaini wa kitoto. Na kama vipele vyako vinaacha makovu yaliyovimba, kishikio chochote kisikushawishi: baki na mashine ya umeme inayoacha vishina vifupi, umwone daktari wa ngozi.

Na tuliondoe hili pia: kunyoa hakuzifanyi ndevu ziote nene au nyingi. Mwanasayansi Mildred Trotter alilipima jambo hilo Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1928. Hakuona badiliko la unene wala kasi. Unywele ulionyolewa hupoteza ncha yake nyembamba ya asili, ndiyo maana ukiota unakwaruza.

"Sabuni yoyote, maji yoyote"

Wengi wetu tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Maji hayo hayapatani na sabuni. Povu linakatika, uso unakauka, halafu lawama anabeba wembe. Tenga kikombe kimoja cha maji yasiyo na chumvi, ya bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) au ya mvua, ya kutengenezea povu tu. Lowesha ndevu vizuri kwanza, dakika mbili au tatu, au nyoa baada ya kuoga. Ukifanya hivyo, hata wembe wa kawaida utaonekana umebadilika.

"Tukiuchovya kwenye spiriti tunaweza kushea"

Msishee. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, na damu ya mchubuko wa kunyoa haionekani kila mara. Kuchovya haraka hakuaminiki. Kila mtu na wembe wake, baba na mwana, mume na mke. Hata saluni, wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako.

Nyembe zilizotumika zisitupwe hivi hivi kwenye mfuko wa taka, kwa sababu kuna kijana atakayeushika mfuko huo kwa mikono mitupu, na wengine watakaouchambua kule dampo la Pugu. Chukua kopo la bati, litoboe mwanya mwembamba kwenye kifuniko, uwe unazidondoshea humo. Likijaa, lifunge kwa utepe wa gundi na uliandike kwa herufi kubwa: NYEMBE.