Ukomo wa Muda kwa Faili na Folda Zinazoshirikishwa: Wajibu wa Msimamizi wa Mfumo

Kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, Bunge la Bajeti linapoketi Dodoma, ofisi nyingi za umma hushirikishana rasimu, majedwali na viambatisho kwa viungo vya mtandaoni, na kazi huenda haraka kuliko zama za kupitisha flashi meza hadi meza. Shida hujitokeza Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza, kwa kuwa kiungo alichopewa mshauri elekezi au mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huendelea kufungua folda ileile endapo hakikuwekewa siku ya kukoma.

Kuwakumbusha watumishi wazime viungo vyao hakutoshi, kwani anayehamishwa kituo huacha nyuma viungo asivyovikumbuka. Ukomo uwekwe katika mipangilio ya taasisi nzima. SharePoint na Nextcloud, kwa mfano, ambayo ni mifumo ya kutunza na kushirikishana faili, humwezesha msimamizi kuweka idadi ya juu kabisa ya siku ambazo kiungo cha wazi, yaani kinachomfungulia yeyote aliyekipata, kitadumu. Mwenye faili hubaki na uhuru wa kuchagua muda mfupi zaidi, lakini hawezi kuuzidisha.

Kiungo cha wazi ndicho cha kubanwa zaidi, kwa sababu kikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp hakuna namna ya kujua kwa jina nani amekifungua. Ningependekeza kisizidi siku 14, na kwa nyaraka za zabuni au za watumishi kisiruhusiwe kabisa. Ruhusa aliyopewa mtu kwa jina, anayelazimika kuingia kwa akaunti yake, inaweza kudumu hadi mkataba wake unapomalizika.

Folda inahitaji uangalifu kuliko faili moja. Anayeshirikisha faili anajua anachokitoa, ilhali anayeshirikisha folda huwa ametoa pia vile vitakavyowekwa humo baadaye, na mwenzake anayeongeza orodha ya mishahara wiki mbili mbele huenda hajui kwamba mtu wa nje anaiona.

Msimamizi anapobadilisha kikomo, aangalie athari zake kwa viungo vilivyokwisha kutolewa. Katika SharePoint, muda ukifupishwa, viungo vya zamani navyo hufupishwa. Ukirefushwa, hubaki na muda wake wa awali. Kwa hiyo tangazo litangulie mabadiliko, hasa katika wiki za bajeti, ili kiungo kisife katikati ya kazi. Ieleweke pia kwamba muda ukiisha faili haifutiki, wala nakala iliyokwisha kupakuliwa hairudi; kwa nyaraka nyeti, upakuaji uzuiwe tangu mwanzo pale mfumo unaporuhusu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za watu zilindwe dhidi ya kufikiwa bila idhini na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Kiungo kisicho na mwisho kinachofungua orodha ya wagonjwa au wanafunzi kinaiweka taasisi mahali pabaya mbele ya sheria hiyo.

Maombi ya kuongeza muda yapitie kwa mkuu wa idara inayomiliki taarifa, kwa maandishi na kwa sababu iliyotajwa, kwa kuwa afisa TEHAMA anaufahamu mfumo, lakini ni idara yenyewe inayojua kama mtu huyo bado anaifanya kazi aliyoombewa ruhusa.