Pasta si lazima ianzie kwenye maji yanayochemka

Wengi huamini kwamba pasta isipotumbukizwa kwenye maji mengi yanayotokota itagandana iwe bonge. Si kweli. Wanga huanza kufyonza maji na kuvimba kabla hayajafika nyuzi 100, kwa hiyo pasta kavu inaweza kuanzia kwenye maji baridi, tena machache.

Weka gramu 250 za makaroni kwenye sufuria, mimina lita 1 ya maji baridi, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi, washa moto mkali. Koroga mara kwa mara mpaka yachemke. Ukizembea hapo ndipo zinagandana: wanga wa juu hulainika na kunata kabla haujasambaa majini. (Mafuta hayasaidii, yanaelea tu.) Yakichemka, punguza moto, kisha uanze kuonja baada ya dakika 4, usifuate muda wa kwenye pakiti, umehesabiwa kwa maji ya moto. Kabla ya kuchuja, teka kikombe cha maji hayo mazito. Ndiyo yanayoishikisha sosi kwenye pasta.

Spageti zipikie kwenye kikaango kipana zilale zote. Pasta mbichi ya mayai, hapana: kwenye maji baridi huvurugika.