Spektroskopia ya infraredi na nyota kubwa zenye mwanga mkali

Spektroskopia ya infraredi ni kuuchambua mwanga wa nyota kwa urefu wa mawimbi yake, katika mawimbi marefu kuliko yale ambayo jicho huyaona. Kwa nyota kubwa zenye mwanga mkali mno, mara nyingi hii ndiyo njia pekee. Huishi miaka milioni chache tu, hivyo hufa karibu na zilipozaliwa, penye vumbi tele. Ichukue Pistol Star, iliyo karibu na kitovu cha Njia Nyeupe, miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka kwetu. Vumbi lililo njiani hupitisha takriban sehemu moja tu kati ya trilioni moja ya mwanga wake unaoonekana, lakini katika bendi ya K (mikromita 2.0 hadi 2.4) hupita karibu sehemu moja kati ya 15. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifungua taaluma hii.

Kinachosomwa ni mistari, yaani mawimbi mahususi ambapo elementi fulani hung'aa au hufyonza mwanga. Haidrojeni huonekana kwenye mikromita 2.166, heli kwenye 2.058 na 2.112. Ukiona mstari wa heli iliyopoteza elektroni, 2.189, nyota hiyo ina joto kali sana. Ukikosekana, na badala yake chuma kikang'aa kwenye 2.089 na magnesi kwenye 2.137 na 2.143, uso wake umepoa zaidi. Upepo wa nyota, yaani gesi inayotoka kwenye uso wake, nao huonekana: kwenye grafu ya mwanga, mstari huwa na bonde (mwanga uliopungua) upande wa mawimbi mafupi na kilima (mwanga uliozidi) upande wa marefu. Bonde likisogea mikromita 0.0022 kutoka 2.166, gesi inatujia kwa kilomita 300 hivi kwa sekunde.

Makosa mengi huanzia kwenye hewa yetu. Kaboni dioksidi hufyonza mwanga jirani kabisa na 2.058, mstari tunaouhitaji sana. Kwa hiyo hupimwa pia nyota ya kulinganishia, aghalabu ya aina ya A0 (nyota nyeupe yenye mistari michache), iliyo kwenye kimo kilekile angani na ndani ya muda mfupi, kisha spektra (mwanga uliochambuliwa) ya nyota tunayoichunguza hugawanywa kwa ile ya kulinganishia. Hapa pana mtego: nyota ya A0 ina bonde lake la haidrojeni kwenye 2.166. Usipolifuta kabla ya kugawanya, nyota yako itapata mng'ao wa haidrojeni usiokuwepo.

Gesi inayoizunguka nyota nayo hung'aa kwenye mistari hiyohiyo. Ukiondoa mng'ao wake kupita kiasi, unachimba bonde la uongo katikati ya mstari. Mstari wa gesi hiyo ni mwembamba, ila kifaa chenye uwezo wa kutenganisha wa 1,000 (urefu wa wimbi ukigawanywa kwa tofauti ndogo kabisa kinayoweza kuiona) hakitofautishi kasi zilizo chini ya kilomita 300 kwa sekunde. Kwa upepo wa polepole, anza na 3,000 au zaidi.