Michezo ya Kufundishia Utoaji Salama wa Dawa kwa Wanafunzi wa Uuguzi: Dhana Potofu na Ukweli

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua mjini Bonn, Ujerumani, kampeni ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Shirika hilo lilikadiria kwamba makosa ya dawa huigharimu dunia takriban dola bilioni 42 za Marekani kila mwaka. Katika safari ya dawa, mwuguzi ndiye anayesimama mwisho, na kosa lililoanzia kwa daktari au kwenye chumba cha dawa likishampita yeye, hakuna mwingine wa kulikamata kabla halijaingia mwilini mwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo, namna tunavyomwandaa mwanafunzi wa uuguzi kwa kazi hii ni jambo zito, na ninasikitika kila ninaposikia njia inayofaa ikikataliwa kwa sababu tu inaitwa mchezo.

Pingamizi la kwanza husema kwamba michezo ni ya watoto na hupoteza muda wa vipindi. Halihitaji jibu refu. Marubani hujifunza kukabiliana na hitilafu za ndege katika mitambo ya kuigiza safari, wala hakuna abiria anayeona kwamba huko ni kucheza. Kinachoupa mchezo uzito ni lengo lake pamoja na mazungumzo ya kina yanayoufuata, ambapo mkufunzi na wanafunzi hurudi nyuma hatua kwa hatua na kuuliza kosa liliingilia wapi. Mchezo usiofuatwa na mazungumzo hayo kweli ni burudani tu.

Dhana yenye madhara zaidi ni ile inayodai kwamba makosa ya dawa ni ya wazembe, na kwamba mwanafunzi aliyekariri mambo matano ya msingi, yaani mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, yuko salama. Karibu kila mwanafunzi anayataja bila kusita. Tatizo ni kwamba wodi haimpi nafasi ya kuyataja kwa utulivu. Simu inalia, ndugu wa mgonjwa anavuta mkono wa sare akiuliza dripu imekwisha, na mwuguzi wa zamu anaita kutoka kitanda cha pili. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia wauguzi 98 wakati wa kutoa dawa, na ukaonyesha kwamba kila katizo moja liliambatana na ongezeko la asilimia 12.7 la makosa ya kitabibu. Hao walikuwa wauguzi waliohitimu, wala si wanafunzi.

Hapa ndipo mchezo unapofanya kazi ambayo ubao wa darasani hauwezi kuifanya. Katika igizo moja ninalolipenda, wodi ina wagonjwa wawili wanaoitwa Amina, na mwanafunzi anayeigiza mmoja wao ameelekezwa kuitikia "ndiyo" kwa kila atakaloulizwa, kama afanyavyo mgonjwa mwenye homa kali au anayemheshimu mno mwuguzi. Anayetoa dawa akiuliza, "Wewe ndiye Amina?" ataitikiwa, na dawa itakwenda kwa asiye wake. Akiuliza, "Jina lako kamili ni nani?" kisha akalilinganisha na chati, kosa linafia hapo hapo. Mwanafunzi aliyekwisha kumpa Amina mwingine dawa katika igizo hukumbuka namna ya kuuliza swali hilo kuliko aliyelisoma kwenye daftari.

Wapo pia wanaoamini kwamba hodari wa hesabu hawezi kukosea dozi. Chukua mtoto wa kilo 14 mwenye malaria kali, aliyeandikiwa sindano ya atesuneti. Kwa kuwa uzito wake haujafika kilo 20, dozi yake ni miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 42. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti, kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi ya dripu ikiwa dawa itapitia mshipani, au mililita 2 tu ikiwa itachomwa kwenye msuli. Miligramu zile zile 42, basi, ni mililita 4.2 kwa njia ya mshipa, lakini ni mililita 2.1 kwa njia ya msuli, kabla ya kukadiriwa kwa mujibu wa mwongozo wa wodi. Anayechanganya dawa kwa ajili ya mshipa kisha akavuta ujazo wa msuli atampa mtoto nusu tu ya dozi, ilhali kwenye karatasi ya mtihani kila hesabu yake ingepata alama kamili. Mchezo uliotungwa vizuri humkabidhi kichupa, sirinji na kadi ya mgonjwa, halafu, akiwa katikati ya kazi, kadi ya tukio inafunuliwa: kanula, yaani kibomba cha kupitishia dawa mshipani, imechomoka, mshipa haupatikani, daktari amebadilisha njia. Hapo huonekana nani anaanza upya na nani anaendelea na namba aliyonayo kichwani.

Kuhusu dai kwamba michezo inahitaji kompyuta na intaneti, yote niliyoyaeleza hufanyika kwa makaratasi, kalamu na vichupa vitupu. Tahadhari moja tu: vichupa vya mafunzo viandikwe wazi kuwa ni vya mafunzo na vifungiwe mbali na dawa halisi, visije vikarudi wodini.

Ni kosa vilevile kuchukulia alama za juu katika mchezo kuwa kibali cha kutoa dawa peke yake. Ujuzi unaoonekana mara tu baada ya mchezo haujathibitisha tabia ya usiku wa manane wenye wagonjwa wengi, na mwanafunzi bado anahitaji mkufunzi pembeni yake wodini.

Wakufunzi wenyewe nao hukosea wanapodhani kwamba mchezo unanoga kwa kumtuza anayemaliza upesi. Saa inayokimbia humfundisha mwanafunzi kuruka hatua ya kusoma lebo, na tabia hiyo ataibeba hadi kitandani kwa mgonjwa. Mimi huweka mezani kadi yenye maneno mawili, "Nina shaka." Yeyote anaruhusiwa kuiinua wakati wowote, kazi yote husimama, mwenzake huhakiki dozi upya, na aliyeiinua hupata alama hata kama shaka yake haikuwa na msingi. Mwanzoni wanafunzi huona haya kuigusa. Baada ya wiki chache, huwasikia wakiyasema maneno hayo wodini, bila kadi, mbele ya mwuguzi aliyewazidi umri na cheo.