Betri ya simu yako haina kumbukumbu

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniletea simu iliyokuwa ikizima huku bado inaonyesha asilimia 22, na kabla sijashika bisibisi akaniapia kwamba betri hiyo anaitunza kama mboni ya jicho: tangu ainunue simu, miaka mitatu sasa, hajawahi kuichomeka kwenye chaja kabla haijazima yenyewe. Ushauri huo wa kungoja betri iishe kabisa nimeusikia mara nyingi mno, hata kutoka kwa mafundi wenzangu, na safari hii uvumilivu umeniishia.

Haukuzuka hewani. Betri za nikeli, hasa zile za nikeli na kadimiamu, ukizichaji mara kwa mara zikiwa nusu zilikuwa kama zinakariri nusu hiyo, na kuzimaliza kabisa kulisaidia. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilitoka na betri ya nikeli, kwa hiyo aliyekuwa nayo ana udhuru kidogo. Lakini betri ya BL-5C, ile iliyokuja na Nokia 1100 mwaka 2003 na baadaye ikahamia kwenye redio za kila aina, ni ya lithiamu, na haina kumbukumbu yoyote ya kufutwa. Kuimaliza kila siku kunaichosha tu, na ukiiacha tupu kwenye droo kwa miezi, volti zake hushuka mpaka shaba iliyo ndani ianze kuyeyuka. Kuchaji usiku kucha si tatizo, maana simu yenyewe hupunguza umeme na kuukata. Tatizo ni kuilaza chini ya mto ikapata joto.

Kinachonichosha zaidi ni hoja hii: "Lakini fundi, nikiimaliza kabisa kisha nikaijaza, inakaa vizuri." Anayesema hivyo hasemi uongo, ila anakosea kilichotengenezeka. Asilimia haipimwi kama maji ya pipa, kwa kutumbukiza kijiti. Ndani ya simu kuna chipu inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha inalinganisha hesabu yake na volti za betri. Tabu ni kwamba volti za lithiamu hubadilika kidogo sana betri ikiwa katikati, kwa hiyo hesabu ikishapotoka huko, haina pa kujisahihishia. Ni pale tu betri inapokaribia kuisha au kujaa ndipo volti zinapobadilika vya kutosha kuiambia chipu ukweli. Ukiimaliza na kuijaza mara moja, umeirekebishia chipu daftari lake. Kilichopona ni hesabu, wala betri haijaongezeka nguvu hata chembe.

Simu ya mzee haikuwa hata na tatizo hilo. Niligusisha ncha za mita kwenye betri simu ikiwa imewaka, nikasoma volti 3.7, kiwango kinachofaa kabisa kwa asilimia zile. Nikafungua kamera na kuwasha tochi: zikaporomoka hadi 3.3, kioo kikawa cheusi. Betri iliyochakaa huwa na ukinzani mkubwa ndani yake; umeme umo, ila ukiitishwa kwa wingi kwa mara moja hautoki.

Nikiri jambo moja ambalo halisemwi mbele ya wateja. Mita inanionyesha kwamba betri imechakaa, lakini hainiambii kilichoichakaza, na sikuweza kumthibitishia mzee kwamba ni utunzaji wake. Huenda ni jua la kwenye dashibodi, huenda ni umri tu. Na hilo la chaji kukaa kati ya asilimia 20 na 80, ambalo ni ushauri mzuri na ninamhubiria kila mtu, mimi mwenyewe silifuati. Yangu naijaza hadi 100 kila usiku, kwa sababu mchana sina nafasi ya kuikalia eda.

Nilimwekea mzee betri mpya, nikamweleza yote haya polepole, naye akaitikia kwa kichwa kila hatua. Alipokwisha kulipa, akaigeuzageuza simu mkononi, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hii mpya niichaji kwanza kwa saa nane?"