"Si wameshaitoa kansa yote, mionzi ya nini tena?"

Hilo swali naliona kila mara mtu akishafanyiwa oparesheni ya kansa ya tezi za mate, na nyuma yake kuna hofu kwamba ukipelekwa kwenye mionzi basi oparesheni imefeli au ugonjwa umeshasambaa. Jamani sio hivyo. Daktari anatoa anachokiona na kukigusa, seli chache zikibaki pembeni hakuna jicho linaloziona, ndo maana ile nyama inapelekwa maabara na majibu yake ndo yanaamua: kingo zilikuwa safi au kansa ilifika mpaka ukingoni, ni aina kali au ya pole, imeingia kwenye matezi ya shingo au bado, na je imeanza kutambaa kwenye mishipa ya fahamu. Hii ya mishipa wengi hawaijui kabisa wakati kwa tezi za mate ni habari kubwa, maana mshipa unaoendesha uso unapita katikati ya ile tezi kubwa iliyo mbele ya sikio, na kuna aina inaitwa adenoidi sistiki ambayo inapenda sana kufuata mishipa na inaweza kukaa kimya hata zaidi ya miaka 10 halafu ikarudi. Ila sio kila mtu anapewa mionzi. Uvimbe mdogo, usio mkali, uliotoka wote na kingo safi, mara nyingi unafuatiliwa tu.

"Ngoja kwanza nipate nguvu, nitaenda baadaye." Hapa ndo roho inaniuma. Kidonda kinatakiwa kipone kweli, lakini lengo huwa ni kuanza ndani ya wiki 6 hivi baada ya oparesheni, sio miezi. Kawaida ni siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 au zaidi kidogo, jumla grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 mpaka 66, kila siku kama grei 2, na wanagawa hivyo ili nyama isiyo na kansa ipate nafasi ya kujirekebisha. Wikiendi imeshapigiwa hesabu, lakini ukianza kuruka siku zako mwenyewe unazipa seli za kansa muda wa kuzaliana tena, kwa hiyo ukizidiwa waambie wakusaidie hukohuko, usipotee.

Eti ukitoka kule unakuwa na mionzi mwilini usibebe mtoto? Hii ya mashine ya nje ikizimwa imeisha, kama taa. Beba mtoto wako. Nywele nazo zinatoka pale tu mionzi inapopita, sio kichwa kizima, na ukiwa umelala pale na ile maski ya kukushikilia usitikisike husikii moto wowote, ngozi na mdomo vinaanza kuuma baada ya wiki 2 au 3 na vinaendelea kuuma kwa muda hata ukishamaliza, hilo siwezi kukuficha.

Sasa mate. Wanasema yatakauka yote maisha yako yote. Ukweli ni kwamba mara nyingi wanatibu upande mmoja, tezi za upande wa pili zinaepushwa, kwa hiyo wengi mdomo unakuwa mkavu na ladha inapotea lakini sio kila kitu kinakauka, na ladha kwa kawaida inarudi polepole ndani ya miezi. Kinachosahaulika ni meno! Mate yakipungua meno yanaoza haraka, na mfupa wa taya uliopigwa mionzi unapona kwa shida, kwa hiyo jino bovu ling'olewe KABLA, kama wiki 2 au 3 kabla ya kuanza, na hata miaka ikipita ukienda kwa daktari wa meno mwambie kwanza kwamba ulipigwa mionzi kabla hajashika koleo.

Halafu uso kupinda upande mmoja, watu wanausingizia mionzi, wakati mara nyingi umetokana na oparesheni yenyewe, mshipa umeguswa au ilibidi ukatwe kwa sababu kansa imeushika. Mionzi isiogopwe kwa kosa ambalo sio lake. Ila kama jicho la upande huo halifumbi vizuri, omba matone ya kulilainisha, na usiku lifunikwe, maana likikauka linapata vidonda.