Redio ya jamii nayo ina sheria zake

Vijana wengi wanatuuliza namna ya kuanza kazi ya habari katika jamii zao, na tunafurahi. Lakini dhana kwamba redio ya watu wachache haihitaji leseni tumeshaikanusha mara nyingi, na bado inarudi.

Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Nambari 7 ya mwaka 1997, ndiyo inayotoa leseni ya kutangaza. Masafa ya kurushia matangazo ni jambo jengine: yanatolewa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa sababu mawasiliano ni ya Muungano. Ukipata moja ukakosa jengine, hujawa na redio. Gazeti, hata likiwa la kurasa nne, husajiliwa chini ya Sheria Nambari 5 ya mwaka 1988, na kitambulisho cha mwandishi hutolewa na Idara ya Habari Maelezo. Anayerusha matangazo bila leseni anaweza kufikishwa mahakamani. Kusema "sisi ni wenyeji wa hapa" si utetezi.

Kazi ya habari yenyewe ni ya zamani. Mjini Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20, Wahindi walikuwa na gazeti lao, Samachar, kwa Kigujarati na Kiingereza. Leo redio za jamii nazo zina wasikilizaji wake Tumbatu, Micheweni na Makunduchi.

Siku moja mtangazaji wa kituo kimoja alisoma tangazo la msiba wa kisiwani Tumbatu: maziko kijiji cha Gomani, baada ya sala ya alasiri. Kumbe yalikuwa Jongowe, kijiji chengine cha kisiwa hicho. Watu wakapanda mashua Mkokotoni, wakateremka Gomani, wakakuta pako kimya. Walipofika Jongowe kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Miongoni mwao alikuwamo mdogo wake marehemu. Kijana hakuwa na nia mbaya. Alipokea jina la pahala kwa simu, akaliandika, hakulirudia kwa aliyempigia. Msikilizaji wa kisiwa kidogo hana kituo cha pili cha kulinganishia, akisikia ameamini.

Na lugha. Kikae, lahaja ya Makunduchi, na Kitumbatu si Kiswahili kilichoharibika. Ni maneno ya wazee wetu, na anayeyacheka hewani hafai kukaa mbele ya maikrofoni. Ikija tahadhari ya upepo mkali, isome kwa Kiswahili sanifu kama ilivyotoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, usibadilishe hata saa, kisha uieleze kwa maneno ya wavuvi wenyewe. Tangazo la msiba lisisomwe kabla ya kumpigia sheha wa shehia husika akuthibitishie jina la marehemu, pahala na saa ya maziko.